Arobaini ya Zuhura

Jumatano

Yamepotea tena. Mara tatu leo nimeandika maoni kwenye blogu ya marehemu dada Zuhura, hayatokei! Natumia simu yake, yangu imekufa.

Binamu kanipigia kutoka Mkongo: "Vidakuzi, zile 'cookies' za mtandaoni, umevizima, dada. Viwashe, blogu ikutambue."

Nilivizima mwenyewe juzi, sipendi kufuatwafuatwa. Basi nikaviwasha, nikatuma tena: "Asalaam alaikum. Arobaini ni Ijumaa, nyumbani Kibiti. Karibuni kwenye hitima."

Yakatokea hapo hapo. Juu yake jina la Zuhura na picha yake, anacheka. Blogu imemtambua yeye, si mimi.

Nahangaika kuyafuta. Msomaji mmoja keshajibu: "Waalaikum salaam Zuhura! Umepotea sana. Arobaini ya nani?"