Kipande cha Betri

Jumatatu, 12 Mei
Vipande kumi na viwili leo. Mgongo unauma. Shemeji Magesa ameleta mbao alizochonga kwake Butiama: vitofali vidogo vyenye michoro, ndege, ng'ombe, jua. Mimi hapa Nyasho natia vitu ndani: hiki taa, hiki kengele, hiki betri, na vibati vya shaba pembeni. Mtoto akivipanga, taa inawaka. Akivibomoa, anaunda kingine. Alhamisi tunavipeleka shule moja ya Bunda, darasa la tatu. Naogopa.

Jumanne, 13 Mei
Nimepachika kipande cha betri kinyume. Shoti. Kikapata moto mpaka nikakiachia. Nimepaka doa jekundu kuonyesha upande sahihi. Magesa hakuridhika. "Shemeji, mtoto hasomagi alama. Anapachika tu. Tuahirishe." Nimemjibu vibaya. Nimesema yeye ni mtu wa kuchonga, umeme aniachie mimi. Miezi minane nimeisubiri siku hii. Siahirishi.

Alhamisi, 15 Mei
Mtoto ameungua.

Anaitwa Neema. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, watoto walijenga nyumba inayolia ukigonga mlango. Kisha Neema akageuza kipande cha betri, akakibana kwa nguvu ili taa iwake. Vidole viwili, malengelenge. Hakulia. Alikuwa anaviangalia tu. Mwalimu mkuu akauliza kulikoni. Nikasema betri ilikuwa mbovu. Magesa alisimama pembeni yangu.

Ijumaa, 16 Mei
Sijala. Nimeongopa mbele ya watoto.

Jumamosi, 17 Mei
Bunda tena, peke yangu. Mama Neema nilimkuta shambani anachuma pamba. Nilimwambia yote, kwamba tatizo nililijua tangu Jumanne. Aliendelea kuchuma. Nikadhani hajasikia.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mwenzako, alijua?"

"Alinikataza."

"Basi kamsikilize."

Kutoka hapo nyumbani kwa mwalimu mkuu. Naye nikamwambia. Amenirudishia vipande vyote kwenye kiroba. Nisirudi mpaka aniite. Aibu, lakini nimepumua.

Jumatano, 21 Mei
Butiama. Nimemwomba Magesa msamaha. Ameitikia kwa kichwa, akanionyesha alichokuwa anakata. Kila kipande sasa ni samaki: mdomo huku, mkia kule. Mkia unaingia mdomoni tu, kwingine haukai. Yaani mchongo wenyewe ndio unaouelekeza umeme. Nimejaribu kuulazimisha kinyume mpaka kucha imevunjika. Haiwezekani. Nimemwonea wivu, kisha nimekaa chini kuhamisha shaba kutoka vipande vya zamani.

Alhamisi, 5 Juni
Mwalimu mkuu ameniita. Tumekwenda wote wawili, mimi na Magesa. Mama Neema naye alikuja. Kabla watoto hawajagusa kitu aliomba kipande cha betri, akaniambia nikiunganishe taa iwake. Akakifumba kiganjani kuona kama kitachoma. Alikaa nacho muda mrefu, taa ikiwaka.

Kisha akampa mwanawe.