Jumatano Saa Kumi, Ghorofani Malindi

Jumatatu, 8 Septemba
Vifuniko viwili vya pombe kali kwenye chai ya asubuhi, kama kawaida. Karafuu tatu za kutafuna, kuua harufu. Mama alikuwa uani, hakuona.
Wodi ya wazazi ilijaa. Saa tano nilikuwa namshona mzazi aliyechanika, mtoto wake wa kwanza. Mkono ukaanza kutetemeka. Sindano ikachoma pasipo pahala pake, mwana wa watu akaruka. Zuhura, mkunga mwenzangu, akanishika kifundo cha mkono, akaichukua sindano, akamalizia yeye. 
Miaka kumi na sita nazalisha. Leo nimeiogopa mikono yangu mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba
Zuhura kaniita stoo. Kaka yake aliacha ulevi kwa msaada wa kikundi. Wanakutana kila Jumatano saa kumi, Malindi ya hapa Unguja mjini, ghorofani juu ya duka la nyavu. Wanakaa, wanazungumza, basi. Kisha akasema:
"Nenda, Salma. Ukishika sindano tena nawe umekunywa, ntasema."
Nikamchukia mchana kutwa. Jioni nikaona ana haki.
Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Nimesema homa.

Jumatano, 10 Septemba
Nilikwenda. Nilivaa nikabu. Huwa naivaa nikienda kununua chupa tu, Mungu anisamehe.
Ngazi za mbao, kiza. Nikasikia vicheko vya wanaume. Sauti ya mwanamke, hata moja hakuna. Mji huu mdogo. Nusu ya watu nimewazalishia, nusu nyengine wanamjua mama.
Niligeuka. Nilifika Darajani bila kujua nimepita njia gani. Nikanunua samaki ili mama asiulize nilikotoka. Nyumbani Chukwani nikajifungia chooni, nikanywa.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimekata pombe ghafla tangu jana. Jasho. Moyo mbio. Nikaona sisimizi ukutani, nikawafuta kwa kitambaa. Hapakuwa na sisimizi.
Mimi muuguzi, najua. Mlevi wa siku nyingi akikata ghafla anaweza kushikwa na kifafa, akafa. Nikamfikiria mama akinikuta sakafuni.
Nikanywa vifuniko viwili. Mwili ukatulia. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jumatano, 17 Septemba
Nimeingia. Uso wazi.
Wanaume wanane na mimi. Wengi walikuwa watu wa unga, watatu wa pombe. Msimamizi, mwalimu mstaafu, akanionesha kiti karibu na mlango. Si lazima niseme, alisema. Sikusema.  Mwisho alinishauri nisikate peke yangu, nianze kwa daktari.
Wakati wa kutoka mmoja akaniita kwa jina. Suleiman, mpakizi wa mizigo bandarini. Mwaka juzi nilimzalisha mkewe, mtoto wa kike. Nikautafuta uso wa mkewe kichwani. Sikuupata. Nikauliza kama mtoto hajambo. Hajambo, anakimbia. Kisha akasema kwa sauti ya chini:
"Siku ile ulinukia karafuu, Bi Salma. Na chini ya karafuu ulinuka kama mimi. Sikumwambia mtu. Wangeniuliza harufu ile nimeijuaje."


Alhamisi, 18 Septemba
Najaribu kumkumbuka mtoto yule. Simkumbuki. Wangapi wengine siwakumbuki? Nani kaumia kwa sababu yangu, na hajui?
Daktari kanipa dawa, na kila siku niende anitazame. Nilipokuwa naeleza, hakunyanyua kichwa kwenye karatasi. Afadhali.
Nimemwaga chupa mbili uani. Ya tatu nimeibakisha. Naandika ukweli: nimeibakisha.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimerudi kazini, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi. Nikasema yote nimesimama. Ningekaa nisingeweza.
Mkuu alifunga mlango. Akauliza kama kuna mtoto aliyekufa mikononi mwangu nimelewa. Nikasema hapana, kwa nnavyojua.
"Kwa unavyojua," akarudia.
Maneno hayo yananitafuna mpaka sasa.
Nimetolewa wodini. Ntapima uzito wa watoto kliniki mpaka wakubwa waamue. Wanaweza kunifukuza. Kazi nyengine siijui. Zuhura nilipishana naye mlangoni, akaniamkia, mimi sikuweza kumtazama.
Ile chupa ya tatu nimeimwaga. Nusu imenimwagikia mguuni. Nikaosha mara tatu, bado naisikia harufu yake.

Jumatano, 24 Septemba
Nimesema jina langu mbele yao. Na habari ya sindano. Na mtoto nisiyemkumbuka. Suleiman alitazama sakafu. Hakuna aliyenifariji, wala aliyenihukumu. Nilipomaliza, mwengine akaanza ya kwake.
Siku ya sita sijaonja.

Ijumaa, 26 Septemba
Mama kauliza Jumatano nakwenda wapi. Uongo nilikuwa nao tayari. Nikamwambia kweli, jikoni, anachagua mchele.
Mikono yake ikasita.  Akanyanyuka, akatawadha, akaenda kusali laasiri. Nikabaki na ungo, nnaogopa atakachosema.
Alikawia kwenye mswala. Aliporudi alikaa, akauvuta ungo katikati yetu. Akasema Jumatano atapika mapema, nisende huko na njaa.
Tukachagua mchele.