Mstari wa Majivu

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini ulinikataza kufungua mdomo mbele ya mkubwa kabla ya salamu, na leo nataka kuanza vizuri. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu masjala, saa ya chakula. Wenzangu wametoka kwenda kula. Mimi nimebaki nikuandikie.

Unakikumbuka kibaraza chetu. Kila alfajiri, kabla ya kumimina mafuta, ulichota majivu ya jana ukayamwaga sakafuni kuzunguka jiko, mstari wa upana wa kiganja. Mimi ulinikalisha kwenye kigoda, upande wa ukutani. "Huku ni kwa vitumbua," ulisema, "huko ni kwako. Usinichanganyie." Halafu ulianza kuimba, kwa ile sauti ya kwenu mlimani, ya watu wanaoitana kutoka kilima hadi kilima. Nilidhani hakuna mtu mjini mwenye furaha kama wewe. Nilikuwa nasogeza kigoda kidogo kidogo. Wimbo wako ulizidi kupaa, nami nilizidi kusogea ili niusikie.

Siku niliyomaliza darasa la saba uliyasogeza majivu kwa mguu, ukafungua njia. "Pita. Sasa una akili ya moto."

Tulipokurudisha mlimani kukuzika, Mama Zena, mtani wa ukoo wetu, alifunga aproni yako, akachuchumaa katikati ya waombolezaji, akawa anakaanga hewa. Aliimba kwa sauti yako ileile huku mguu mmoja ukimrudisha nyuma mtoto asiyeonekana. "Jamani, marehemu huyu alikuwa mwoga kuliko kuku," alisema. "Angekuwa jasiri angekaanga kimya." Watu walicheka hadi Mjomba akashika mbavu. Kisha Mama Zena akanigeukia mimi. "Na wewe karani, jiko utaliandikia barua ndiyo liwake?" Nikacheka na machozi yangu. Nilichukulia kwamba yote ni utani.

Jiko liliwaka, Mama. Kila asubuhi namwaga mstari wa majivu kama wewe, nakaanga, kisha nampeleka mwanangu Neema kwa jirani, nakwenda kazini. Mkuu wangu wa kazi hufungua faili akalinusa. "Karani, faili hili limetiwa iliki." Baba Neema bado yuko kwenye mashamba ya miwa Turiani, anakuja mwisho wa mwezi, na kila akipiga simu ni neno lilelile: "Mama Neema, funga jiko. Mtu mmoja hawezi kubeba ndoo tatu." Namjibu kwamba kazi yangu ni ya mkataba, na mkataba ukikatika ni jiko litakalotulisha. Hiyo ni kweli. Ambalo simwambii ni kwamba watoto wa shule bado wanasema wanakwenda kwa Bibi Vitumbua. Nikilizima, nani tena atakuita?

Basi leo asubuhi mzee wa nyumba ya pili alikuja kuchukua vyake. Niligeuka kumfungia kwenye gazeti. Nilipogeuka tena, Neema alikuwa kwenye kigoda chake, ametulia kabisa, analamba mwiko. Mwiko huo nilikuwa nimeuacha ndani ya bakuli la unga, kando ya jiko, mafuta yakichemka. Nikatazama chini. Kwenye majivu palikuwa na unyayo mmoja mdogo, vidole vimeelekea motoni.

Nilimkagua mikono, uso, shingo. Hakuna kitu. Nywele zake tu zilinuka mafuta.

"Mama Neema," mzee akaniita, "vinaungua."

"Nini kinaungua?"

"Vitumbua, mwanangu. Vitumbua."

Ninaogopa, Mama. Nilisoma, nikapata kazi, nikadhani moto nimeuelewa, kumbe niliujua wa upande wangu wa mstari tu. Huyu ni mtoto wa ukoo wako, ndiye tuliye naye. Ameshajua kuvuka na kurudi bila mimi kusikia. Kila faili ninalofungua leo naliona vumbi lake kama majivu, nautafuta unyayo.

Nimemwomba jirani awe anampokea kabla sijawasha. Amenijibu, "Mlete hata akiwa bado na usingizi." Nilishukuru, nikatembea hatua chache, hofu ikanirudia kwa mlango mwingine: sasa atakuwa mahali nisipomwona. Wewe nawe ulikuwa na majirani. Au ulichagua kuogopa huku ukinitazama?

Kuna jambo sijamwambia mtu. Baada ya mzee kuondoka, nilichota majivu mengine, nikaufunika ule unyayo, nikamimina unga upya. Ndipo nikasikia mtu anaimba, kwa sauti kubwa, ya kuita kutoka kilima hadi kilima. Ilinibidi nisikilize kidogo kabla ya kujua kwamba ni mimi.

Neema alipiga makofi. Alidhani nina furaha. Kisha akanyanyuka, akashika kigoda chake kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na mstari.

Pumzika huko juu, Mama, kwenye ukungu wa kwenu ambako hakuna jiko la kulinda.

Ni mimi mwanao,
Mama Neema