Pembe za Babu Idarusi

Lela, nimetoka kwa Babu Idarusi sasa hivi.

Kumbe mwaka wa hamsini na saba, wakikaa Pumwani, Nyanya Zaitun alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Daktari akamwonya Babu: damu ikipungua, uvimbe unakosa hewa, na uvimbe uliokosa hewa mionzi haiuwezi. Mlishe maini, akamwambia, damu iongezeke.

Aliambiwa, Lela.

Babu akaleta mtu wa kuumika. Kila Alhamisi Nyanya anachanjwa mgongo, anabandikwa pembe alizonunua Babu mwenyewe, damu bakuli zima. Bakuli zima. Akilalamika kizunguzungu, Babu anamwambia, "Ndio uchafu unatoka."

Ramadhani haikumkuta.

Ananisimulia huku anatafuna tambuu. Kisha kanipa zile pembe nizitunze, eti urithi wa Nyanya.

Nimezipokea. Nikasema ahsante.