Siachi Chama Chetu cha Kisomo

Pasiansi,
Mwanza.
12 Agosti, 1995

Mpendwa Baba Mdogo Okech,

Shikamoo. Kifua kimepata nafuu? Mama Mdogo na watoto hawajambo huko Tanga? Sisi huku ni wazima. Mama alilala na malaria, lakini ameshaanza kunigombeza kwa kuchelewa kurudi nyumbani, kwa hiyo najua amepona.

Uliniandikia niachane na chama cha walimu wa kisomo na wakutubi, nilinde kibarua changu. Nimekusoma kwa heshima zote. Lakini niruhusu nikueleze yaliyotokea, maana naona yamefika kwako yakiwa yamepinda.

Unakikumbuka kile chumba cha vitabu karibu na mwalo wanakoshushia samaki, ambacho wananchi walijenga wenyewe wakati wa kampeni ya kisomo. Vitabu vipya vilipoacha kuja, chama chetu ndicho kilichokishika. Wakutubi walishona vitabu vilivyochanika, sisi walimu tukafundisha jioni kina mama wauza samaki. Mwezi wa tano Bwana Shimba, mwenyekiti wa kamati ya jengo, akampangisha mfanyabiashara wa sangara aweke nyavu zake. Hakumwuliza mtu. Tulikuta kufuli jipya mlangoni, na vitabu vimerundikwa nje kwenye majani, vimelowa umande.

Mwalimu Teodora, mwenyekiti wa chama chetu, akatuita. Baadhi ya wenzetu waliogopa, wakasema tupeleke malalamiko tusubiri majibu. Mimi nilikataa, na sikukataa kwa upole. Mwisho tukakubaliana kwamba masomo yaendelee pale pale. Kila jioni tukawa tunakaa barazani na kwenye ngazi, ubao umeegemezwa kwenye mlango uliofungwa. Lori la nyavu likaja, dereva akapiga honi mpaka akachoka. Ng'washi, mwanafunzi wangu anayeuza dagaa, alikuwa anaandika ubaoni. Hakugeuka hadi alipomaliza sentensi yake.

Siku iliyofuata Shimba akaja mwenyewe, amefura kwa hasira. Akatuambia siku hizi ni soko huria, kila kitu lazima kilete faida. Kisha akamnyooshea Ng'washi kidole, akaniuliza, "Huyu mama akijua kusoma, jengo litapata nini?"

Nikamjibu, "Jengo halitapata kitu. Lilijengwa ili yeye apate."

Hakuna aliyeondoka barazani. Mfanyabiashara alichoka kabla yetu, akatafuta ghala lingine Nyamagana. Shimba akaja kuondoa kufuli bila kutusalimu. Tulivianika vitabu juani. Vingi vimepona, lakini vile vya hesabu vimeoza kabisa, na bado inaniuma.

Hapo ndipo uhamisho wangu ulipokuja, kutoka shule ninayofundisha mchana kwenda shule iliyo ndani kabisa ng'ambo ya Busisi. Hakuna aliyeandika sababu, na hakuna asiyeijua. Bwana mmoja wa ofisi ya elimu akanivuta pembeni, akaniambia nikijitoa kwenye chama, uhamisho huo unaweza kusahauliwa. Sikufichi, Baba Mdogo, nilifika nyumbani nikalia, kwa sababu ya Mama. Yeye akaniuliza kama nimemkosea mtu yeyote. Nikasema hapana. Akaniambia basi nifunge mizigo.

Dada Queen atahamia hapa akae naye. Mwalimu Teodora atalichukua darasa langu. Jumatatu nitavuka Kigongo, na wanachama wenzangu wamesema watanisindikiza mpaka kivukoni, pamoja na masanduku ya vitabu tuliyochangiana. Nilirudi kwa yule bwana wa ofisini kumshukuru. Nikamwambia chama chetu hakikuwa na tawi upande ule wa ziwa, na sasa kitakuwa nalo.

Ukinikasirikia, nikasirikie kama mzazi, lakini usiniombe tena kujitoa. Nisalimie Mama Mdogo, Jairo na Yakobo, na shangazi Agutu ukimwona. Mama anakusalimu sana, anasema uvae fulana nzito asubuhi. Mungu akuponye kifua hicho, akuongezee miaka ya kutugombeza.

Ni mimi binti yako akupendaye, na bado mwanachama,

Amondi