Maneno ya Mke Wangu Niliyaandika kwa Jina la Fundi Viatu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea heshima yangu hivyo hivyo, maana mtu anayeomba msaada hachagui. Nina miaka hamsini na moja, kazi yangu ni kusoma mita za maji, nazunguka nyumba hadi nyumba, nafunua vifuniko, nafukuza konokono, naandika tarakimu, na katika kuzunguka huko nakutana na watu wa kila namna na wananiambia mambo, na mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili nina daftari ninaloandika maneno ya busara ninayoyasikia kwa watu wa kawaida, wasio na vyeo, ambao hakuna anayewaandika. Naandika tarehe, naandika kazi ya msemaji, na neno lenyewe kama lilivyotoka. Mlinzi wa bohari aliniambia mwizi haogopi kufuli, anaogopa jirani anayekohoa. Dobi aliniambia doa la jana hutoka kwa maji, doa la mwaka jana hutoka na kitambaa. Nayapenda maneno haya, sikufichi, na kazini wakati wa chai wenzangu huniomba niwasomee, wananiita Maktaba, na meneja alipostaafu mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kusema.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapo hapo barazani kwetu, tumeoana miaka ishirini na nne, na ni msemaji. Cherehani inalia na yeye anasema, na mimi nikirudi miguu inaniwaka moto, nakaa, nanakili kwa mwandiko safi yale niliyoyasikia mchana, namjibu "mm", namjibu "haya", namjibu "tutaona", kama wanaume wengi, na sidhani kama hilo ni kosa la kumpeleka mtu mahakamani.

Tuna binti mmoja tu. Mwaka juzi alianza kuwa kimya, anajifungia chumbani, jioni anatoka bila kuaga, na mama yake akawa ananisumbua nikae niongee naye, na siku moja akasema, na hapa ndipo ilipo shida yangu yote, kwamba binti asiyesikilizwa kwao humfuata wa kwanza atakayemuuliza umeshindaje. Nilimjibu asiniletee methali za barazani, nimechoka. Nakiri nilimjibu hivyo, ingawa nilikuwa nimesahau kabisa mpaka aliponikumbusha.

Wiki chache baadaye nikapita kwa fundi viatu aliye karibu na ofisi yetu, ambaye hunitilia soli kila mara kwa kuwa kazi yangu inakula viatu, tukawa tunazungumza habari za watoto, akaniambia maneno hayo hayo, neno kwa neno. Mshauri, yalinichoma. Nilisimama palepale nikaandika, nikayapigia mistari miwili, jambo ambalo silifanyi ovyo, na kesho yake nikawasomea wenzangu, mmoja akasema hilo lingefaa kuandikwa ukutani. Nilimuuliza fundi ameyatoa wapi, akasema kwa mteja wake, mama mmoja. Sikuuliza zaidi.

Basi binti akaondoka. Alikwenda kwa muuza vipuri mmoja ambaye ana mke tayari na anakaribia umri wangu, wanaishi chumba kimoja nyuma ya gereji upande wa pili wa mji. Nilisema asikanyage kwangu, na nilisema mbele za watu, kwa hiyo siwezi kujirudi hivi hivi tu. Mama yake humtembelea kila Alhamisi, mimi najifanya sijui.

Wiki sita zilizopita mke wangu alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha binti kwenye droo yangu, akakuta daftari. Hakuwahi kulifungua, yeye ni mtu anayeheshimu vitu vya mwenzake. Niliporudi nilikuta cherehani imefunikwa mchana kweupe na daftari liko wazi mbele yake. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya maneno ni ya fundi viatu?" Nikajibu ndiyo, tena nikafurahi, nikadhani yamempendeza, nikaanza kumweleza jinsi yule fundi alivyo na akili japo hakusoma. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilimwambia mimi, siku nilipompelekea viatu vyako." Akaweka kidole kwenye tarehe. "Mtoto alikuwa bado yumo humu ndani. Wiki tisa nzima alikuwa bado yumo humu ndani."

Nikajitetea kuwa daftari lina watu wengi, huwezi kumkumbuka kila mtu alichosema. Akaniambia amelisoma lote, na yeye hayumo hata mara moja, ila mlevi wa stendi yumo mara tatu. Nilikwenda kuhakikisha. Ni kweli, mara tatu.

Tangu siku hiyo hasemi. Salamu anaitikia, chakula anatenga, ila neno hakuna, cherehani inalia peke yake. Shemeji yangu, dada yake, amenidokeza kuwa akimaliza sare za muhula huu atahamia kwake. Nimejitahidi, nimefuta "fundi viatu" kwa wino mweupe nikaandika "mke wangu". Nimemnunulia daftari jipya, jekundu, jalada gumu, nikamwambia hili ni la maneno yako tu, wewe sema, mimi niandike. Amelichukua akaliweka chini ya ule mguu mfupi wa cherehani, na nitasema ukweli, cherehani haiyumbi tena. Je, nichome madaftari yote? Au nimfanyeje huyu mama aongee, maana nyumba imekuwa kubwa ghafla, nimegundua sijui hata anawaza nini, na zimebaki sare arobaini, nazihesabu kila jioni.

Ni mimi, Msoma Mita.

*

Msoma Mita,

Marahaba, nimekuzidi. Pole nitakupa moja, ya upweke, kwa sababu kuishi na mtu asiyekusemesha kunauma na simtakii mtu. Hiyo nimeshakupa. Sasa tuongee.

Huo wino mweupe utupe. Unadhani mkeo amekasirika kwa kuibiwa maneno, na wewe unamrudishia kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Fundi viatu hana kosa, yeye alisikia mara moja akashika. Wewe ulisikia mara mbili. Mara ya kwanza yalitoka kwa mtu aliyetaka uinuke kwenye kiti, ukasema umechoka. Mara ya pili yalitoka kwa mtu asiyekutaka ufanye lolote, ukayapigia mistari. Hiyo ndiyo raha ya busara za wapita njia, bwana wangu, hazimtumi mtu kazi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini wewe umezidi, wembe unao mkononi miaka kumi na miwili na ndevu zinakufika kifuani.

Hata ungeandika jina lake siku ile ile, binti angeondoka vilevile, maana ulikuwa unaandika wakati ulipotakiwa kubisha hodi chumbani kwake. Mkeo analijua hilo. Ndiyo maana alikuonyesha tarehe, hata jina hakuligusa.

Daftari jekundu liache hapo lilipo, limepewa kazi linayoiweza. Unamwambiaje mtu "wewe sema, mimi niandike", na amesema miaka ishirini na nne akijibiwa "mm"? Usichome chochote pia. Ukichoma utasimama kando ya moto ukisubiri kusifiwa, nakujua.

Kuna jambo jingine limenikera kuliko yote. Barua yako nimeisoma mara tatu. Najua dobi alisema nini, najua mpaka konokono wa kwenye mita. Umeniandikia kuwa mkeo alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yenu. Hukuniambia kilikuwa cha nini, kwa sababu hujauliza. Wiki sita! Watu hawatafuti cheti kwa ajili ya mapambo. Labda amepata kazi, labda ni mjamzito, labda anamkimbia yule bwana na anataka karatasi yenye jina lake mwenyewe. Mimi niko mbali, sijui. Wewe unalala kitanda kimoja na mtu anayejua, halafu unahesabu sare.

Fanya hivi. Leo, kabla haijashonwa sare nyingine, mwambie mkeo, "Uliniambia, nikakudharau, mtoto akaondoka." Ishia hapo. Usilie ili akubembeleze, wala usimwombe aseme neno. Halafu muulize cheti ni cha nini. Akikujibu, shukuru, na asipokujibu ana haki, usinung'unike. Alhamisi omba ruhusa kazini, mita hazitahama. Mwombe mkeo mfuatane, akikataa akuelekeze njia, akikataa na hilo muulize shemeji yako, kwani umbea mlishaanza. Na usiniletee habari za kwamba ulisema mbele za watu. Ulichosema ni kwamba yeye asikanyage kwako. Hakuna aliyekukataza wewe kukanyaga kwake.

Siwezi kukuahidi kuwa mkeo atabaki. Huenda sare zikaisha, cherehani ikabebwa, ukabaki na mlevi wako wa stendi. Kwa binti utakwenda hata hivyo, Alhamisi hiyo na zitakazofuata, kwa sababu yeye hajawahi kukuhama wewe, alihama nyumba ambayo hakuna aliyemgeukia alipozungumza. Daftari na kalamu viache nyumbani. Mlango ukifunguliwa, salimia, kaa utakapoonyeshwa, ufunge mdomo. Ana maneno ya miaka miwili ya kukuambia, na mengi hayatakuwa ya busara. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho.