Ngazi Yangu Haipakwi na Mtu Mwingine

Kwa mdogo wangu Macho-Juu,

Nakusalimu. Salamu hii ni ya mama, maana yeye ndiye aliyetufundisha kumsalimia mtu kwanza hata kama umemchukia, basi ipokee kwa ajili yake. Kama u mzima mshukuru Mungu, na kama goti linakusumbua lisugue mafuta. Huku sisi ni wazima. Shemeji yako ni mzima, na ulimi wake ndio mzima zaidi. Mimi nina miaka sabini na mbili na mtungi wa gesi naubeba kwa mkono mmoja, muulize yeyote hapa mtaani.

Barua naandika mwenyewe. Najua utaucheka mwandiko. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini ada yako ya shule ilitoka kwenye mikono hii hii isiyojua nukta wala mkato, kwa hiyo soma na unyamaze.

Barua yako niliipata. Umeniandikia kama mwenye nyumba anavyomwandikia mpangaji msumbufu. Umesema umestaafu na unarudi kukaa vyumba vyako vya juu. Hiyo ni haki yako, baba aligawa mwenyewe, chini kwangu, juu kwako, sijabisha. Lakini ukaongeza kwamba ngazi ya chuma inaliwa na kutu, kwamba safari hii nisithubutu kuipaka rangi mwenyewe, atafutwe fundi rangi aikwangue mpaka chuma kionekane, la sivyo hukanyagi hapa na undugu wetu uishie hapo. Kutu uliionea wapi wewe uliye mbali hivyo? Aliyekuambia namjua. Analala upande wa ukutani wa kitanda changu.

Sasa nikukumbushe, maana elimu nyingi inasahaulisha. Ngazi ile niliichomelea mimi, vipandio kumi na vinne, na kila rangi iliyowahi kuigusa niliipaka mimi. Nimechomelea mageti ya shule. Nimechomelea mnara wa tangi la maji la hospitali, mpaka leo umesimama. Leo niletewe mtu anionyeshe brashi inavyoshikwa?

Na hata jibu hukungoja. Jumanne asubuhi niko uani na kopo langu la rangi ya kijani, mara anaingia mama mmoja wa makamo, kavaa ovaroli, mkononi ana brashi za waya, patasi na msasa. Aliniamkia vizuri, hilo sikatai, akasema ametumwa na wewe. Nikamwambia aliyemtuma hajawahi kupaka hata stuli, arudi alikotoka. Akaniuliza mimi ningeanzaje. Nikasema unafuta vumbi, unapaka. Akacheka, akasema hiyo ni kumvalisha mgonjwa kanzu mpya. Nikamwambia mimi nilishika chuma kabla mama yake hajaolewa. Akajibu kwamba ndiyo maana chuma chenyewe kimechoka.

Shemeji yako akamletea chai na kiti. Kiti changu. Wakazungumza wao wawili kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme, na shemeji yako akatangaza kwamba nikipaka juu ya kutu tena anahamia kwa dada yake, amechoka kupanda kuanika nguo na kurudi na viganja vyekundu. Basi nikapandwa na hasira, nikaenda nikaketi kwenye kipandio cha nne kutoka chini, nikasema sitoki.

Yule fundi hakugombana. Alipita pembeni yangu, akaanza kukwangua juu kabisa, anashuka kipandio kimoja kimoja, magamba ya kutu yananidondokea kichwani kama pumba. Mchana jua likanikalia utosini. Shemeji yako akaniuliza kwa nini nimeng'ang'ania hicho kimoja kati ya vyote kumi na vinne. Nikasema ndicho chenye kivuli. Hakikuwa na kivuli chochote.

Lakini mzee akinywa chai ana saa zake. Nilikwenda chooni, dakika mbili. Niliporudi fundi wako amechuchumaa chini ya kipandio kile, patasi mkononi, puti iliyoziba maungio imemomonyoka, na bolti mbili zilizooza ziko wazi kama meno. Akakishika kwa mkono mmoja, kikacheza.

Akasema, "Mzee, hiki hakijawahi kuchomelewa."

Shemeji yako aliniangalia, kisha akaliangalia goti langu. Goti langu, mdogo wangu, ambalo ni zima.

Sasa sikiliza na usinikatize. Siku ile ya kuhamia, vijiti vya kuchomelea viliniishia kikiwa kimebaki kipandio cha nne tu. Baba alikuwa anakuja jioni kuona kazi yangu ya kwanza kubwa, nikaona aibu kumwonyesha ngazi yenye pengo. Nikakishikiza kwa vitone viwili vya kipande cha mwisho cha kijiti, nikajaza puti, nikapaka rangi, nikasema nitamalizia kesho. Wewe ukapita na cherehani ya mama kifuani, kikachomoka, ukaangukia goti. Walipokukimbiza hospitali mimi nilibaki nyuma, nikakigonga kikarudi mahali pake, nikakipaka upya kabla mtu hajarudi. Baadaye nikakibana kwa bolti. Sikukichomelea, maana moto ungebabua rangi na watu wangeuliza kwa nini hicho tu.

Halafu nikasema ulianguka kwa sababu ulipanda ukiangalia juu. Jina nilikupa mimi. Watu wakalipenda, hata wanao wakaitwa watoto wa Macho-Juu. Lakini kilichonila miaka yote hii ni kwamba wewe mwenyewe ulianza kuwaambia watu kuwa ndiyo, ulikuwa unaangalia juu. Uliniamini. Ndiyo maana sikutaka patasi ya mtu mwingine kwenye ngazi ile, na ndiyo maana nimekuchukia, maana kila ukichechemea unanisema bila kufungua mdomo.

Na mtungi wa gesi siubebi. Anaubeba shemeji yako. Mkono wangu unatetemeka, nisingeweza kuchomelea hata bawaba. Kwa hiyo aliitwa fundi mwingine, akakichomelea pande zote, nimekaa juu yake nikakikagua, ni kazi safi, ila yeye sikumwambia.

Vipandio kumi na vitatu vimepakwa. Cha nne nimekataza, kiko kitupu kikungoje. Kopo na brashi viko juu ya dirisha. Ukipake mwenyewe au uajiri mtu, hapo sina neno. Lakini njoo upesi, mvua ikikiwahi kutu itaanza upya. Na ukija usinianze na adabu zako za shule. Nitukane kwanza, ndipo tusalimiane.

Shemeji yako anakusalimu, amenisimamia hapa mpaka nimalize. Wasalimie wanao, uwaambie jina lile limekufa, na aliyeliua ni aliyelizaa.

Ni mimi kaka yako,
fundi wa vipandio kumi na vitatu.